Sabuni ya Mama, Nguo za Mungu Mtoto

Mama yangu alitangaza siku moja, tukiwa tunakunja vitenge dukani, kwamba hatanunua tena sabuni ya unga maishani mwake. Nilidhani anatania. Tunauza vitenge kwa jumla Kariakoo, na ukitoka mlangoni kwetu, kulia sabuni, kushoto sabuni, na ng'ambo ya barabara kuna jamaa anazimwaga kwenye turubai na kuzinadi kwa kipaza sauti. Halafu mama wa watu anasema atapika ya kwake, tena jikoni kwetu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Biashara imelala, bei imepanda, mfuko wa sabuni kila siku unapungua, ila lile shati jeupe la kwenye picha yake ndiyo kwanza linanenepa. Mimi nalipia picha? Hilo shati nalifua mimi?"

Watu wakisema Wachaga wanapenda hela, mama hununa, kisha huenda bafuni kulikata bomba la dawa ya meno kwa mkasi ili akwangue iliyobaki. Kwa hiyo ningepaswa kujua kuwa hatanii.

Jumamosi iliyofuata alianza. Alijifunga kanga kichwani na nyingine puani, akavaa glovu za kuoshea choo, akanifukuza hadi mlangoni. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, si ya kuchezea. Unaitia kostiki kwenye maji, hutii maji kwenye kostiki, na alinirudia maneno hayo mpaka nikajiona kama mimi ndiye mwenye mpango wa kulipua nyumba. Ndoo ikaanza kutoa moshi yenyewe, bila moto. Nilirudi nyuma nikagonga friji. Ikishapoa, anamimina mafuta ya uvuguvugu, anakoroga kwa mwiko mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, kisha anaitia kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Ikiganda anaikata vipande, anavipanga juu ya kabati vikauke wiki kadhaa. Mwisho anavikwangua kwa kikwaruzo cha karoti, anachanganya na magadi, na hiyo ndiyo sabuni yetu ya unga.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Shuka za kwanza zilipotoka kwenye maji sikucheka. Zilikuwa nyeupe kuliko siku tulizozinunua, laini, na zilikuwa hazinukii kitu chochote. Mama akapita nyuma yangu na beseni. "Endelea kununua picha," akasema.

Mafuta yenyewe alikuja nayo kwenye ndoo yenye mfuniko, meupe, yameganda, hayana harufu. Mimi nilijua ni ya nazi, au labda mawese yaliyosafishwa. Sikuuliza. Nani anayeuliza mafuta ya sabuni yametoka wapi?

Ghorofa ya pili, chini yetu kabisa, anaishi bibi mmoja wa Kihindu. Si bibi yangu wa damu, ila ndiye bibi niliyekua naye, kwa sababu wa damu wako Kilimanjaro na tulikuwa tukiwaona Krismasi tu. Mumewe alifariki zamani, mwanawe anaishi Upanga na humpitia Jumapili. Alizaliwa mitaa hii hii, na Kiswahili chake ni cha mjini kuliko chetu. Mama akikasirika hutamka maneno kama mtu aliyeshuka basi la Moshi asubuhi ile, na bibi hufa kwa kucheka. Yeye humwita mama "mdogo wangu", na mama humwita "dada". Nilipougua surua utotoni, huyo bibi ndiye aliyenilaza kitandani kwake ili mama aweze kwenda dukani. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, husema mama, na ndugu zake wa Moshi hawapendi kabisa kuusikia msemo huo.

Bibi hali nyama, samaki wala yai. Mama aliliheshimu jambo hilo kwa ukali kuliko alivyoziheshimu amri za kanisani. Alikuwa na sufuria ya bibi, sahani za bibi, kijiko cha bibi, vyote vimefungwa kwenye kitambaa mahali pake, na ole wako ukikoroga mchuzi wako na kijiko kile. Siku za nyama tulifunga mlango na kufungua madirisha yote ya nyuma. Makande aliyompelekea yaliungwa kwa vitunguu na nazi tu. Siku moja mjomba wangu alikuja kututembelea na, kwa masihara, akachovya kipande cha nyama choma kwenye sahani ile. Mama aliivunja sahani mbele yake, akaenda kununua nyingine. Mjomba mpaka leo anaisimulia.

Basi mikono ya bibi ikaanza kuchubuka. Sabuni ya dukani ilikuwa ikimpasua vidole mpaka damu. Mama akampelekea kopo la sabuni yake. Baada ya muda mfupi ngozi ikafunga, na bibi akawa hataki kusikia sabuni nyingine. Alikuwa akituonyesha viganja, anavigeuza huku na huku kama mchumba mwenye pete mpya. Mama aliona fahari. Kila alipokwangua sabuni, kopo la kwanza lilishuka chini kwa bibi.

Magoti ya bibi yalikuwa yamegoma kupanda ngazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwanikia nguo zake juu ya paa, ambako ghorofa zote tunaanika. Siku moja, katikati ya sari zake nyeupe, nikakuta vijinguo vidogo ajabu. Joho la hariri la ukubwa wa kiganja changu. Kilemba kinachoweza kuenea kwenye kidole gumba. Kishuka, na kipazia chenye nyuzi za dhahabu. Nikashuka nikamuuliza kama amepata mjukuu mchanga bila kutuambia.

Alicheka mpaka akashika ubavu. Akanipeleka chumbani, kwenye kijikabati ambacho miaka yote niliona mlango wake tu, akafungua. Ndani alikaa Mungu akiwa mtoto, wa shaba, anatambaa, ameinua mkono mmoja. Bibi akaniambia humwogesha kila asubuhi, humvalisha, humpa chakula kabla yeye mwenyewe hajala, na jioni humfunikia pazia alale.

Nilipigwa na butwaa. "Bibi, sisi kwetu Mungu ndiye anayetuvalisha."

"Na ukimpenda mtoto, utamsubiri akuvalishe?" akaniuliza. Kisha akalishika lile joho, akalinusa. "Haya nafua kwa sabuni ya mama yako tu. Ya kiwandani siijui wametia nini."

Nililipenda neno hilo. Nilipanda ngazi nikamwambia mama, naye akafurahi hadi akaimba tenzi alipokuwa akipika. Ninapokumbuka tenzi zile mwili unanisisimka.

Wiki chache baadaye mama alibanwa na wateja dukani, akanituma Msimbazi nikamchukulie mafuta. Akanielekeza duka. Nilifika, nikasimama, nikarudi nyuma kuangalia kama nimepotea. Lilikuwa bucha. Paja la ng'ombe lilining'inia mlangoni na paka alikuwa amekaa chini yake akisubiri bahati.

"Mambo dada," mwenye bucha akasema. "Umekuja kuchukua ya bi mkubwa wa sabuni?"

"Poa. Mafuta, ndiyo. Lakini..."

Akaingia uani, akarudi na ndoo ile ile ninayoijua, mfuniko ule ule. Akaifungua anionyeshe, kwa majivuno ya mtu mwenye kazi safi. "Nimeyayeyusha mwenyewe, nikachuja mara mbili. Ng'ombe mtupu. Sijachanganya hata na mbuzi. Mama yako hataki masihara."

Nakumbuka niliipokea ndoo nikasimama pale, naona kitu kimoja tu: kilemba kidogo, chenye unyevu, nilichokibana kwa kibanio mimi mwenyewe. Ng'ombe mtupu! Hata mimi, ambaye sijui dini ya bibi ukiniweka kizimbani, najua ng'ombe ni nani kwao. Hachinjwi, haliwi, hupigiwa magoti. Na mafuta yake yamekuwa yakimsugua Mungu mtoto kifuani.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba ile ndoo kama niliyebeba jeneza. Nilipofika ghorofa ya pili nikapita kwa kunyata, lakini mlango wa bibi huwa wazi mchana kutwa, limefungwa geti la chuma tu, na masikio yake hayajazeeka.

"Hiyo ya sabuni?" akaita. "Ngoja, ngoja, nilikuwa nakutafuta." Akafungua geti, akauweka mkono wake, ule uliopona, juu ya mfuniko wa ndoo, akaupigapiga. "Mwambie mdogo wangu nimewaambia wanawake wenzangu wa hekaluni. Sikukuu inakuja, tunafua mapazia yote na nguo zote. Wanataka sabuni yake. Nyingi."

Nikasema ndiyo bibi. Nikapanda, nikaiweka ndoo bafuni, nikafunga mlango wa bafuni kwa ufunguo. Usiniulize kwa nini. Ndoo ingeenda wapi?

Mama aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Alinitazama kama ninayesema kwa lugha ngeni.

"Ndiyo, ya ng'ombe. Kule kwetu sabuni zote walipika hivyo. Sasa?"

"Mama! Bibi ni Mhindu!"

"Najua ni Mhindu, mimi si ndiye ninayempikia? Kwani sabuni anaila?"

Na hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulinishtua kuliko bucha. Mama hakuwa amefanya uzembe. Kwake yeye mwiko ni wa mdomo. Mtu haruhusiwi kitu, maana yake hakimezi. Alikuwa ameulinda mdomo wa bibi kwa miaka yote ile, kwa sufuria na vijiko na sahani zilizovunjwa, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kitu kinaweza kumtia mtu unajisi bila kupita kooni. Nikamweleza nguo zile ndogo zilikuwa za nani. Nilikuwa nimemwambia mwanzoni ni nguo za maombi tu, naye akadhani ni vitambaa kama vya altareni. Nikamweleza kuhusu mtoto wa shaba, kuogeshwa, kulazwa.

Mama akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, kwenye sakafu ya jikoni, na mkoba bado uko begani.

"Ruwa," akasema, akimwita Mungu kwa Kichaga.

Mimi nilikuwa na dawa tayari. Tubadilishe mafuta. Kuanzia kesho nazi. Wanawake wa hekaluni wapelekewe sabuni ya nazi, bibi apelekewe ya nazi, na yaliyopita yamepita. Maji yakimwagika hayazoleki, nikamwambia, kwa nini tumwonyeshe mzee wa watu pale yalipomwagikia? Nilimaanisha kila neno, na hata leo sioni kama lilikuwa wazo baya.

"Ananiita mdogo wake," mama akasema. Akainuka, akashuka. Nikamfuata kwa sababu nilimwogopea.

Bibi alikuwa amekaa karibu na mlango akichambua dengu. Mama hakuzunguka mbuyu. Alishika geti kwa mikono miwili na kusema yote, mafuta gani, ya nani, tangu lini, na kwamba hakujua. Dengu zikasimama vidoleni mwa bibi.

"Ng'ombe?" akauliza.

"Ng'ombe, dada."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Bibi alivitazama viganja vyake, vile viganja vizuri, kisha akavishikilia mbali na mwili wake, kana kwamba vya mtu mwingine. Nikadhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele.

"Na sufuria?" akauliza polepole. "Ile unayonipikia mimi?"

"Haijawahi, dada! Naapa mbele ya Mungu, haijawahi kuguswa."

"Sisemi wewe mbaya," bibi akasema. "Nauliza kwa sababu sasa sijui. Jana nilikuwa najua."

Akainuka kwa shida, akafunga mlango. Si geti, mlango wa mbao. Nimeishi jengo lile tangu kuzaliwa na sikujua kuwa mlango ule unafungika mchana.

Siku zilizofuata zilikuwa za msiba usio na maiti. Juu ya paa kamba ya bibi ikabaki tupu. Mama aliitupa sabuni yote, ndoo, boksi, mwiko, hata kikwaruzo cha karoti, mtu asiyeweza kutupa bomba la dawa ya meno. Alishuka mara kadhaa akasimama mbele ya mlango ule, akapanda tena. Mlinzi wa jengo ndiye aliyetuambia kwamba bibi anafunga. Mwanawe alileta maji matakatifu, mtoto wa shaba akaogeshwa upya, nguo zikachomwa, na bibi amejiwekea mfungo wa kutubu. Hekaluni alisema sabuni imekwisha. Hakumtaja mama.

Mama aliposikia hivyo alipaliwa. Yule mzee anakaa na njaa kwa kosa la mtu mwingine? Mimi nikaenda dukani nikidhani limeisha.

Siku mbili baadaye nilirudi mapema kuchukua mzigo nikamkuta mama ameegemea ukuta wa jikoni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, midomo imepauka. Mama ana sukari, na akimeza dawa zake bila kula humshuka ghafla. Wali niliomwachia juzi ulikuwa kwenye ndoo ya taka, na wa jana pia.

"Mama, umekula nini?"

"Nimekunywa maji." Akajaribu kutabasamu. "Yeye anafunga, mimi nimeze nini?"

Huyu ni mama anayeiita Kwaresima njama ya wauza samaki! Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, nikakoroga maji ya sukari nikamlazimisha anywe, akawa anayafumbia mdomo kama mtoto. Nikaona ananifia mikononi kwa ukaidi. Nikatoka mbio, nikashuka, nikaupiga ule mlango wa mbao kwa viganja vyote viwili.

Bibi akafungua. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo bibi. Mama ana sukari na hajala tangu juzi. Anafunga."

"Marahaba. Anafunga nini? Kwaresima yenu si imepita?"

"Anafunga kwa ajili yako. Maji matupu."

"Maji matupu?"

Akafungua geti na kunipita. Alipanda zile ngazi peku, ameng'ang'ania reli, anaviburuza vile vigoti vyake kimoja kimoja, huku akitukana kwa Kigujarati na Kiswahili kwa zamu. Nilitaka kumshika mkono, akanipiga kofi mkononi. Aliingia jikoni kwetu akihema.

"Mjinga we! Mwenye sukari anafunga? Nani kakufundisha?"

"Dada," mama akasema kwa sauti ndogo, "wewe unakaa na njaa..."

"Njaa gani? Mimi nakula matunda! Nakunywa maziwa! Mfungo wetu ni matunda na maziwa, nani kakwambia ni wa kufa?"

Mimi na mama tukatazamana. Miaka yote ile, na tena hatukujua. Mama akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na bibi akamkalisha kwenye kiti kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

Nikamletea bibi glasi ya maji kwa sababu alikuwa anahema vibaya. Akaitazama glasi. Akatikisa kichwa, bila ubaya, akaangalia jikoni kwetu pande zote, jiko, vikombe, mwiko wa ugali uliokuwa ukikauka. Kwenye meza kulikuwa na chana la ndizi mbivu. Akachomoa moja. Akaimenya mwenyewe, taratibu, bila vidole vyake kugusa kitu kingine, akaivunja katikati. Nusu akamtilia mama mdomoni. Nusu akala yeye, amesimama.

Nilijua kwa nini ndizi. Ndizi huja na ganda lake, haijapita kwenye sufuria ya mtu. Mama naye alijua, nilimwona usoni, na bado akafungua mdomo.